Askari Wanane wa Uchochoro wa Mabeseni

"Sema tena, Mama Nice! Sema kwa sauti mpaka Feri wasikie, kwamba walinzi wangu ndio waliomhamisha Afande!"

"Sijasema walinzi wako. Nimesema sisi. Mimi na wewe."

"Mimi? Mimi ndiye niliyemwambia karani kwamba wako wanane? Ule mdomo ulikuwa wa nani?"

"Mdomo ulikuwa wangu, Mama Jeet, sikatai. Na waliokalishwa kwenye benchi walikuwa wa nani?"

Kusum, ndiye Mama Jeet, alikuwa amesimama katikati ya ngazi, ndoo ya nguo mbichi ameiegemeza kiunoni, maji yanamdondokea miguuni. Chini yake, mlangoni pa vyumba vyake viwili, Severa alisimama na tepu ya kupimia shingoni, kipande cha sare ya shule bado kiko mkononi. Kwenye korido ya juu, jirani yao Nasma alikuwa amejitia kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nyumba ile ya Mchafukoge ni ya zamani, kuta nene lakini milango haifungi vizuri. Ukipiga chafya chini, ghorofa ya pili wanakuombea afya, na ukigombana, hata wapita njia wanachagua upande.

"Mimi kesho naenda kusema ukweli," Severa alisema. "Naenda nawaambia nilidanganya, askari alikuwa mmoja tu, wamrudishe."

"Nenda! Nenda ukajifunge mwenyewe!" Kusum alishuka ngazi moja. "Unajua kumdanganya karani wa serikali ni kosa? Jeet kanisomea kwenye simu. Faini, au jela, au vyote. Na wakikuuliza wale wawili wa kwenye benchi ni akina nani, utawaambia nini? Utasema walinzi wa duka la Ravindra. Mume wangu ana sukari, Mama Nice. Unataka akalale mahabusu kwa ajili ya kikombe cha chai?"

"Na mwanangu je?"

Hapo ufagio wa Nasma ulisimama.

Habari ya mwanawe hakuna ambaye hakuijua. Nice alikuwa amekimbia kwa mumewe, Robert, kule Kimara, akaja kwa wazazi wake na mtoto wao, Fotu, mgongoni na mkono umefungwa bandeji ngumu. Tangu hapo Robert alikuwa amemfuata mara kadhaa. Kila alipokuja, Afande Shadya aliinuka kwenye benchi la kituo kidogo cha polisi kilichotazamana na mlango wa Severa, akasogea na kikombe chake cha chai mkononi, akasimama pale mlangoni, basi. Hakusema neno. Robert alikuwa akigeuka na kuondoka, akitukana chini chini.

Sasa kituo kilikuwa na kufuli. Kibanda cha chumba kimoja, rangi ya buluu na nyeupe, mdomoni mwa uchochoro ambao watu wanauita wa Mabeseni kwa sababu ya maduka ya plastiki. Hesabu ya polisi nchi nzima ilikuwa imeonyesha kwamba kibanda hicho kina askari wanane, wakati kuna sehemu hazina hata mmoja. Wakubwa wa polisi waliiona ile ziada wakashangaa. Walipoifuata ziada hiyo wakamkuta Shadya peke yake, wakamchukua yeye. Wengine saba walidhaniwa wapo.

Na Ijumaa hiyo, kabla kufuli halijapata kutu, simu ya Nice ilikuwa imelia. Robert hakupiga kelele. Alisema, "Jumapili baada ya misa nakuja na kaka yangu na gari. Ufunge vitu vyako na vya mtoto. Nasikia askari wenu kahama, pole."

Kusum aliishusha ndoo.

"Mwanao namwonea huruma," alisema, sauti imeshuka. "Lakini mimi nisitajwe. Ukinitaja, tusijuane."

"Tusijuane, jirani," Severa alijibu, akaingia ndani.

*

Kosa lenyewe lilifanyika kwa nia njema, na lilifanywa na mtu mwenye akili za biashara.

Siku aliyokuja karani wa takwimu, Shadya alikuwa ameenda mahakamani kutoa ushahidi. Ufunguo wa kituo alikuwa amemwachia Severa kama kawaida, maana kituo kilivuta umeme kutoka kwa Severa na Afande alikuwa akioga kwenye choo cha Severa. Akaja kijana mwembamba, kitambulisho kifuani, kishikwambi mkononi, viatu vimejaa vumbi la mitaa mingine. Akajitambulisha kwamba anaitwa Hashimu na kwamba kazi yake ni kupita kituo hadi kituo, kikubwa na kidogo, kuandika askari wangapi, wanawake wangapi, zamu ngapi, choo kipo au hakipo.

"Mkuu wa kituo yupo?"

"Katoka kidogo. Ulikuwa unataka nini, mwanangu? Mimi ndiye mwenye ufunguo."

Siku mbili kabla ya hapo Nasma alikuwa ameleta fununu kutoka sokoni: wanahesabu polisi ili wafunge vituo vyenye mtu mmoja mmoja. Nasma fununu zake kumi, moja huwa kweli, lakini nani anajua ni ipi?

Severa aliona giza. Halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyekulia kwenye maduka ya Kariakoo angefanya. Baba yake, aliyeteremka kutoka Machame na kuuza vyombo Mtaa wa Kongo, alimfundisha tangu mdogo: akija wa kodi, mzigo unapungua, akija wa mkopo, mzigo unaongezeka, ukishindwa kumjua aliyekuja, mpe kiti kwanza. Alimpa Hashimu kiti. Akapanda ngazi mbio kwa Kusum, akashuka na walinzi wawili wa duka la Ravindra wenye masweta ya buluu, wakakaa kwenye benchi la kituo wima kama mishumaa. Nyuma yao Kusum mwenyewe alileta chai ya maziwa na kachori za moto, akamwambia karani, "Kula, mwanangu, serikali haikuwapeni hata maji?"

"Wako wanane," Severa alisema.

Hashimu alikitazama kile chumba. "Wanane humu?"

"Zamu, mwanangu. Zamu. Wengine wako doria."

"Namba zao za jeshi?"

"Namba anazo Afande."

Hashimu alikuwa ameanza kutembea tangu alfajiri na kachori ilikuwa tamu. Alichana kipande cha karatasi, akaandika namba yake ya simu. "Afande akirudi, tafadhali anipigie athibitishe. Usisahau, mama."

"Nisahau tena?"

Karatasi ile Severa aliitia chini ya cherehani. Shadya aliporudi jioni na kuuliza kama wale wa takwimu walipita, Severa alijibu, "Walipita tu, walikuwa na haraka." Usiku ule alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Alijiona ameokoa kituo.

*

Jumamosi asubuhi alianzia kituo kikubwa. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Alimwacha Nice na mtoto ndani, mlango umefungwa kwa komeo, na mumewe, Isidori, ameketi kwenye kiti chake mkabala na mlango. Isidori alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka juzi. Mkono wake wa kulia ulilala pajani kama kitu alichopewa ashike. Ulinzi wake ulikuwa kuketi pale tu.

Kwenye kaunta, askari kijana alimsikiliza bila kuinua macho.

"Binti yako ana kesi hapa?"

"Alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo." Akafunua daftari. "Hii hapa. Ilifutwa. Aliifuta mwenyewe, kaweka na sahihi. Sasa mama, mnataka polisi au hamtaki?"

Watu wa kwenye foleni walisogea wasikie vizuri. Severa alihisi uso unamwaka. Angesema nini? Angewaambia kwamba Robert alikuja na wazee na jani la isale mkononi, na kwamba kwao Uchagani mtu akikuletea jani lile kuomba msamaha, kulikataa ni kama kuwatukana waliokufa? Kwamba Isidori mwenyewe, kwa mkono wake mmoja mzima, alilipokea, na Nice akarudishwa kwa mumewe, na kabla mwezi haujaandama mkono ukavunjwa?

"Anakuja kesho kumchukua kwa nguvu," alisema. "Kasema mwenyewe kwenye simu."

"Kumchukua mke wake."

"Atampiga, baba."

"Akimpiga, mje." Yule kijana hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesoma bei. Halafu akainama, akapunguza sauti. "Mama yangu, hapa leo tuko wachache kuliko unavyoona. Na uchochoro wenu mna kituo. Kwenye orodha nina askari saba pale. Watumieni hao."

Severa alishika ukingo wa kaunta.

"Hao saba hawapo," alisema. "Hawakuwepo. Mimi ndiye niliyewasema."

"Unasema?"

"Nilimdanganya karani."

Kijana akamtazama kwa mara ya kwanza. Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akamwambia mwenzake, "Umesikia? Mama kaajiri polisi saba!" Kicheko kikazunguka foleni nzima, hata mzee aliyekuja kuripoti kupotelewa na kitambulisho akacheka, na mwenye kaunta akajizuia akashindwa. Alipomaliza alifuta macho.

"Hilo si la huku, mama. Takwimu ni kwa watu wa takwimu. Nenda ukamtafute aliyekuhesabu. Na ungekuwa mama yangu mzazi, ningekwambia nenda nyumbani ukanyamaze."

*

Severa alimkuta Hashimu kwenye baraza ya ofisi ya kata, ameketi na makarani wenzake wanahangaika na mtandao. Ile karatasi iliyolala chini ya cherehani ndiyo iliyompeleka. Alipiga namba, kijana akapokea, akamwelekeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu? Unanikumbuka?"

"Wa kachori," Hashimu alisema, akatabasamu. Tabasamu lilikaa usoni mpaka Severa alipofika katikati ya maelezo yake, hapo likaanza kuondoka kidogo kidogo. Alimshika mkono mama wa watu, akampeleka pembeni, nyuma ya pikipiki zilizoegeshwa.

"Mama, punguza sauti. Unajua umeniua?"

"Mimi?"

"Afande hakunipigia. Nilisubiri, nikasubiri. Msimamizi ananifokea kwamba kata nyingine wameshamaliza. Nikabonyeza kwamba mkuu wa kituo amethibitisha." Alijifuta jasho mdomoni. "Sikuthibitishiwa na mtu. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na nilikuwa nimeahidiwa mwingine. Nina mke ana mimba, mama. Sasa ukienda pale ndani ukasema hivi..."

Severa alimtazama. Alikuwa kijana mdogo kuliko alivyomwona siku ile. Huenda umri wake na Nice ulikuwa mmoja. Alikuja pale akiwa na hasira naye pia. Hasira ikakosa pa kukaa.

"Andika kwamba nilikudanganya mimi," alisema. "Andika nilijifanya msemaji wa Afande. Wewe ulidanganywa, basi."

"Na wale wawili wa kwenye benchi? Nimeandika nimewaona kwa macho."

"Wapita njia. Walikuwa wamechoka, wakakaa."

"Mama."

"Andika wapita njia, mwanangu. Mimi peke yangu ndiye niliyesema. Jina langu unalo: Severa Isidori."

Hashimu alichokonoa kona ya kishikwambi chake kwa ukucha. Akasema kwamba kusahihisha kunawezekana, lakini lazima arudi kituoni aone kwa macho yake, apige picha, ndipo msimamizi apokee. Siku za kazi zote alikuwa amepangiwa Temeke. Nafasi yake ilikuwa Jumapili tu.

"Jumapili hii?"

"Kesho. Mchana mchana. Ila nisikudanganye na mimi. Nikiandika sifuri, haimaanishi ataletwa mtu. Mimi nahesabu tu, mama. Wanaogawa ni wengine, na wao wanakaa vikao."

"Njoo hivyo hivyo," Severa alisema. "Angalau kuwe na mtu mmoja wa serikali mtaani kwetu kesho."

Alipotoka pale alimpigia Shadya. Simu ilipokelewa penye upepo na sauti za mbuzi.

"Mama Nice! Za huko? Mtoto hajambo?"

Severa alieleza yote akiwa amesimama juani, kidole kimoja ameziba sikio. Alitegemea kutukanwa. Shadya alivuta pumzi.

"Ndiyo maana," alisema. "Nilikuwa nikijiuliza hao wenzangu saba wamezaliwa lini." Lakini hakucheka. "Mama, nitasema kweli. Huku niliko hakukuwa na askari hata mmoja. Juzi nimeletewa binti mdogo kabisa, baba yake wa kambo... Acha tu. Kama nisingekuwepo, wangempeleka wapi? Siwezi kuomba nirudi."

"Na wangu je, Afande?"

"Wako nampenda, unajua. Kesho nitapiga simu kwa wenzangu, nitawabembeleza. Sikuahidi." Upepo ukapiga. "Lakini sikiliza. Mimi pale sikuwa na bunduki. Sikuwa hata na pingu, moja ilivunjika. Nilikuwa nasimama tu na chai yangu. Unadhani mkweo alikuwa anaogopa nini? Alikuwa anaogopa kuonwa."

*

Jioni ile Severa alimkuta Nice amefunga begi.

Lilikuwa kitandani, zipu imefungwa, na juu yake viatu vya mtoto vimepangwa sambamba.

"Unaenda wapi?"

"Narudi tu, mama." Nice alikuwa akikunja nepi kwa mkono mmoja, ule mwingine bado mgumu. "Mmeshagombana na Mama Jeet kwa ajili yangu. Kesho utafungwa kwa ajili yangu. Baba hali zake ndizo hizi. Nikirudi mwenyewe kabla hajaja, labda hasira zitakuwa zimepungua."

"Labda."

"Ndiyo, labda! Una kingine cha kunipa?"

Severa alikaa kitandani kando ya begi. Kutoka chumba cha pili walimsikia Isidori akikohoa, kisha akiita kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, maneno yakitoka yamelala ubavu.

"Atakuja na jani," Isidori alisema walipomwendea. "Atakuja na jani tena. Mimi... nitashindwa."

"Hutalipokea."

"Siwezi kulikataa, Severa. Baba yangu hakuwahi. Babu yangu hakuwahi."

"Basi hatapata nafasi ya kukupa," Severa alisema polepole. Ndiyo kwanza alikuwa akiliwaza. "Kwenu, mtu akikuta watu wanakula, anatoa jani?"

Isidori alifikiri. "Hapana. Anakaribishwa. Anakula kwanza."

"Na akishakula?"

"Akishakula..." Jicho lake moja lililokuwa zima likamtazama mkewe. "Akishakula nyumbani kwa mtu hainui mkono humo. Siku hiyo, hapana. Hata mwendawazimu."

"Na akikataa chakula?"

"Akikataa chakula," Isidori alisema, "jani lake ni jani la mgomba tu."

Ilikuwa kinga ya siku moja. Jumatatu ingekuja vilevile, na Jumanne nyuma yake. Nice alilisema hilo kwa sauti, na hakuna aliyembishia. Lakini Severa alikuwa ameshachukua kikapu. Alienda Kariakoo kununua ndizi kabla wauzaji hawajafunika meza zao, na njiani aligonga kila mlango wa nyumba ile na kusema kesho mchana njooni mle kwangu. Aligonga kote. Mlango wa Kusum aliupita. Alisimama mbele yake, mkono ukanyanyuka, ukashuka.

*

Jumapili, ndizi zilianza kuchemka kengele za misa ya pili zikilia. Severa alitengeneza machalari ya ndizi, sufuria kubwa la shughuli, nyama ikiwa kidogo na viazi vikiisaidia. Nasma alikuja wa kwanza, na mikeka miwili, na fununu tatu. Wakaja wapangaji wa uani, wakaja mafundi cherehani wa barazani na wake zao. Waliongea kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Kila gari lilipopiga honi barabarani, waliacha kutafuna.

Chumba hakikujaa. Severa aliwahesabu kwa macho mara ya pili akaona bado sakafu inaonekana.

Hashimu alitokea, kishikwambi kwapani. Alikataa kuingia kwanza. Alivuka kwenda kwenye kibanda, akakipiga picha kile kufuli, akachungulia dirishani, akasimama pale juani akibonyeza. Severa alimsogelea.

"Umeandika nini?"

Hashimu alimwonyesha. Palipokuwa na wanane palikuwa na duara tupu. Chini, kwenye maelezo, alikuwa ameandika jina la Severa, kisha sentensi moja zaidi: kwamba karani naye alithibitisha bila kuthibitishiwa.

"Hii ya mwisho sikukuambia uiandike."

"Najua, mama."

"Na mkeo?"

"Nitamweleza." Alibonyeza, kishikwambi kikafikiri, kikakubali. "Imeenda."

Hapo ndipo ngazi zililia. Kusum alikuwa anashuka, sufuria limezungushiwa taulo, nyuma yake Jeet na rundo la chapati, na nyuma ya Jeet mzee Ravindra ameshikilia ukuta, ngazi moja kwa wakati. Nyuma yao kabisa, wale walinzi wawili wenye masweta ya buluu.

Kusum alisimama mbele ya Severa. Nasma alitoka kabisa mlangoni ili asipitwe.

"Sikuitwa," Kusum alisema.

"Ulisema tusijuane."

"Nilisema. Huyu kijana jana alikuja dukani kuuliza walinzi wetu. Nikasema mwisho wetu umefika. Akasema, mama yule wa chini kaapa walikuwa wapita njia." Akalishika sufuria vizuri. "Wapita njia! Walinzi wenye sweta limeandikwa jina la duka mgongoni! Hata kudanganya hujui, Mama Nice."

"Sijui," Severa alisema. "Ndiyo maana tuko hapa."

"Hii ni dengu. Nyama yako sili, unajua, na kijiko chako cha nyama kisiguse sufuria langu. Lakini nitakaa." Akampita, akaingia, akajisogezea mkeka karibu kabisa na mlango, akakaa na kitako chake chote. Ravindra akapewa kiti kando ya Isidori. Walinzi wakakaa kizingitini. Hashimu akavutwa mkono. Sakafu ikaacha kuonekana.

Honi ilipigwa mara mbili, ndefu.

Gari lilikuwa jeupe, la kubebea mizigo. Kaka yake Robert alibaki kwenye usukani, injini ikinguruma. Robert aliteremka na shati la kanisani, limepigwa pasi, na mkononi ameshika jani la isale, refu, bichi, limefungwa fundo. Aliutazama ule mlango wenye kufuli upande wa pili, na ungemwona mtu anayejizuia asicheke. Kisha akaugeukia mlango wa mkwewe.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, watu wote waliacha kula kwa pamoja, wakamtazama.

"Hodi," Robert alisema.

Kule ndani Isidori alikuwa amelitazama lile jani, na mkono wake mzima ulikuwa umeanza kuinuka wenyewe pajani, mazoea ya baba na babu. Ravindra, ambaye hakujua lolote kuhusu majani ya Wachaga, aliona tu mkono wa rafiki yake unapapasa hewa. Akaushika ule mkono, akautia kipande cha chapati.

"Nimekuja kwa amani," Robert alisema kwa sauti ya kusikika. "Nimekuja na isale. Baba, nimekuja kuchukua mke wangu."

Pazia la chumba cha pili lilisogea. Severa aligeuka haraka kumzuia, akachelewa. Nice alitoka. Hakuwa na begi. Alikuwa amebeba birika la maji ya uvuguvugu kwa mkono mzima, na beseni amelibana kwapani kwa ule mwingine, na maji yalikuwa yakichezacheza kwenye mdomo wa birika. Alipita katikati ya magoti ya watu. Walimpisha mmoja mmoja. Alifika kizingitini, walinzi wakiwa kulia na kushoto kwake, akasimama mbele ya mumewe kwa umbali ambao mkono unafika.

Nje, kaka alizima injini asikie.

Ili anawe, ingebidi Robert aliweke jani chini. Alilitazama birika. Aliwatazama wale wote mmoja mmoja: mwanamke wa Kihindi aliyekaa mlangoni na sahani ya dengu, kijana mwenye kitambulisho cha serikali kifuani, mkwewe mwenye chapati mkononi. Mshipa ulimpanda shingoni. Vidole vyake vikalikaza jani mpaka likatoa maji.

"Chakula kinapoa," Nice alisema. "Karibu ndani, Baba Fotu. Nawa mikono, ule."